Wamelipwa, Sasa Wanyamaze?

Juzi tulikuwa kibandani tunakunywa chai, vijana wanne, hakuna mwenye pesa ya andazi la pili. Mmoja wetu, fundi wa simu, akatusomea habari kwamba mwaka 2023 mahakama ya Kanada iliidhinisha fidia ya zaidi ya dola bilioni 23 kwa wenyeji asilia wa nchi hiyo, kwa ajili ya watoto waliochukuliwa kutoka makwao na wengine walionyimwa huduma. Tukanyamaza kidogo, kila mtu anazihesabu sufuri kichwani. Halafu fundi akasema: "Maze, bilioni! Mimi nikipewa hata milioni moja tu, nanyamaza mpaka kaburini."

Tulicheka, na mimi nilicheka. Lakini usiku lile neno "nanyamaza" likaninyima usingizi. Ndugu msomaji, makala hii nimeiandika ili nibishane nalo.

Mimi si mwanasheria. Nilimaliza kidato cha nne, karo ya kuendelea ikakosekana. Mchana napiga chapa na kutoa fotokopi katika kiduka kilicho karibu na ofisi za serikali, usiku naandika riwaya ambayo mpaka leo haijapata mchapishaji. Hata hivyo kazi ya fotokopi imenifunza jambo ambalo sikufunzwa darasani. Mtu maskini akitaka haki yake, kinachomwangusha kwanza ni karatasi. Ana kidonda, ana shahidi, ana machozi, lakini karani anamwuliza: "Karatasi iko wapi?"

Basi tuanze na hao wa Kanada, maana hizo bilioni hazikudondoka kutoka mbinguni.

Kwa zaidi ya miaka mia, serikali ya Kanada ililipia shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa, Wakatoliki, Waanglikana na wengineo, kwa watoto wa wenyeji asilia. Za mwisho zilifungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Watoto wasiopungua 150,000 walipitia humo. Nia haikufichwa: mtoto atenganishwe na mama yake, akatwe nywele, apewe jina jipya, apigwe akisema lugha ya kwao, mpaka uenyeji umtoke. Wengi walipigwa vibaya, wengi walinajisiwa na watu wazima waliopewa kuwalea. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2015, iliita jambo hilo mauaji ya utamaduni. Ilipata kumbukumbu za vifo vya watoto 3,200 hivi, na ikasema wazi kwamba hao si wote.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Mwaka 1920 sheria ilibadilishwa ili serikali iweze kumlazimisha mzazi kumtoa mtoto wake. Mkuu wa idara aliyeisukuma sheria hiyo ni Duncan Campbell Scott. Huyu bwana alikuwa mshairi, tena mshairi aliyesifika katika nchi yake, na aliandika hata mashairi ya kuwahurumia wenyeji wale wale! Asubuhi anatia sahihi barua ya kuwanyang'anya watoto wao, jioni anatunga vina. Sisi tunaoambiwa kwamba fasihi humtia mtu utu, tuseme nini hapo?

Wakati huo huo alikuwepo daktari mmoja, Peter Bryce. Mwaka 1907 aliandika ripoti akieleza jinsi kifua kikuu kinavyowaua watoto katika shule hizo. Hawakumsikiliza. Alipokwisha kustaafishwa, mwaka 1922, alichapa kijitabu chake mwenyewe na kuyaita mambo hayo uhalifu wa taifa. Hakuwa mshairi, lakini ukiniuliza nani kati ya hao wawili alijua kazi ya kalamu, nitakujibu bila kufikiri mara mbili.

Sasa tuje kwenye fidia. Manusura walikwenda mahakamani, kwanza mmoja mmoja, baadaye kwa maelfu, wakaunganishwa katika kesi ya pamoja. Kesi ya pamoja ni hivi: watu wachache wanasimama mbele kwa niaba ya wote waliopatwa na dhara moja. Pande mbili zikipatana kabla ya hukumu, jaji huyapima mapatano hayo, na akiyakubali yanamfunga kila mtu wa kundi hilo, isipokuwa yule aliyejitoa mapema. Aliyebaki ndani ana haki ya kuomba malipo, lakini na yeye ameiachilia haki ya kuishtaki serikali tena kwa jambo lile. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Mshtakiwa hatoi pesa kwa huruma tu, ananunua usalama wake asirudishwe mahakamani.

Mapatano makubwa ya shule za bweni yalitiwa sahihi mwaka 2006, yakaanza kutekelezwa Septemba 2007. Kila aliyeishi katika shule hizo alilipwa dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza, na dola 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Piga hesabu. Mtoto aliyekaa bwenini miaka 10, asirudi kwa mama yake ila likizo, na pengine likizo yenyewe asiipate, anapata dola 37,000. Aliyefariki kabla ya tarehe 30 Mei 2005 hakuhesabiwa katika malipo hayo. Na wapo waliokuwa hai, wakajaza fomu, wakaambiwa jina lao halionekani katika madaftari ya shule kwa miaka wanayoitaja. Serikali iliyomchukua mtoto kwa nguvu inamwuliza mzee: thibitisha kwamba tulikuchukua. Karatasi tena!

Kwa walionajisiwa au kuumizwa vibaya kulikuwa na njia ya pili. Mtu anakaa katika chumba cha faragha mbele ya mwamuzi, anaeleza alichotendewa. Kila tendo lilikuwa na alama zake, na madhara yaliyofuata maishani yalikuwa na alama zake. Alama zinajumlishwa, zinageuzwa dola. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo nilikumbuka matokeo ya mtihani yakibandikwa ukutani shuleni. Madai zaidi ya 38,000 yalipita njia hiyo, na fidia iliyolipwa ilizidi dola bilioni 3. Juni 2008 waziri mkuu, Stephen Harper, alisimama bungeni akaomba radhi.

Kufikia hapa najua kuna msomaji anayesema: "Basi pesa hiyo ilikuwa matusi, wangeikataa." Ndugu yangu, punguza mori. Ni rahisi kuikataa pesa ya mwenzako ukiwa umeshiba. Mzee mwenye miaka 70, mwenye nyumba inayovuja, aliyevunjiwa maisha tangu ana miaka 6, ana haki ya kupokea kila senti na kuitumia apendavyo bila kuhubiriwa nawe wala nami. Fidia ni deni, na deni hulipwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ugomvi wangu ni na wale wanaolipa deni halafu wanadai na risiti ya ukimya. Ni na sisi pia tuliokaa kibandani, tunaosema "wamelipwa, yaishe". Yaishe vipi? Mwenye kuachilia haki ya kushtaki hajaachilia mdomo wake. Hakuna mahali mapatano yale yaliposema watoto wa Kanada wasifundishwe historia hiyo. Kinyume chake, tume ya ukweli yenyewe ilizaliwa na mapatano hayo hayo, kwa sababu manusura walidai kusikilizwa, si kulipwa tu.

Na ukidhani kulipa kunamfanya mkosaji awe mkweli, sikiliza habari ya shule ya St. Anne's, Fort Albany, kaskazini mwa jimbo la Ontario. Watoto wa hapo walisimulia mambo ya kutisha, likiwemo la kukalishwa kwenye kiti chenye umeme. Polisi wa jimbo walichunguza katika miaka ya 1990, wakakusanya maelfu ya kurasa. Serikali ilikuwa nazo. Lakini manusura walipofika mbele ya waamuzi kudai fidia chini ya mapatano, kurasa hizo hazikuwekwa mezani. Mpaka Januari 2014 jaji alipoamuru zitolewe. Yaani mkono mmoja unalipa, mkono wa pili unakalia karatasi! Hapo utaniambia kesi imefungwa na watu wanyamaze?

Sasa nikiri kosa langu, maana makala ya kulaumu wengine tu haina kazi.

Baada ya madai yote hayo, palibaki swali: zile simulizi zilizotolewa faraghani zihifadhiwe wapi? Ni maelfu kwa maelfu ya kurasa, maneno ya watu waliokuwa watoto. Wahifadhi wa kumbukumbu walitaka zihifadhiwe kwa ajili ya taifa. Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubaliana na amri iliyokwisha kutolewa: zikae miaka 15, na katika muda huo kila mwenye simulizi aamue mwenyewe kama anataka yake ihifadhiwe au la. Asipochagua kuihifadhi, iharibiwe. Tarehe iliyowekwa ni Septemba 2027.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipandwa na hasira. Nilisema hiyo ni kuchoma maktaba. Nilisema serikali inafuta ushahidi kwa kujificha nyuma ya mahakama. Tena, niseme kweli, nilikuwa na uchu. Uchu wa mwandishi. Nilifikiri: riwaya ngapi zimo mle ndani!

Ilinichukua muda kuona aibu. Wale watu waliahidiwa siri. Kuna mzee ambaye hakumwambia mkewe, hakuwaambia wanawe, alisema mara moja tu maishani, mbele ya mwamuzi, kwa sababu aliambiwa hayatatoka nje. Nani amenipa mimi, kijana wa Eastlands mwenye daftari, haki ya kumfungulia mlango wake baada ya kufa kwake? Aliporwa mwili wake utotoni bila kuulizwa. Leo tumpore na maneno yake bila kumwuliza, halafu tuite fasihi?

Wala sisemi amri hiyo haina uchungu. Wapo waliokwisha kufa bila kuchagua, na ukimya wao utahesabiwa kama jibu. Serikali ilipaswa kumtafuta kila mmoja mpaka kijiji cha mwisho na kumwuliza kwa lugha yake. Lakini msingi wenyewe naukubali: mwenye kusema na mwenye kunyamaza ni yule aliyetendwa. Si serikali, si wakili, si profesa, wala si mimi.

Mtasema Kanada ni mbali. Sawa, turudi Kenya, maana na sisi tuna karatasi zetu.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilipatana na wazee wetu 5,228 waliteswa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 na kujenga mnara wa kumbukumbu, ambao ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Waziri William Hague alisema bungeni kwamba wanajuta. Wazee hao hawakufika hapo kwa machozi tu. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba serikali hiyo ilikuwa na maelfu ya mafaili ya yaliyokuwa makoloni yake, ya Kenya yakiwemo, yaliyofichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Mafaili mengine yalichomwa Waingereza walipokuwa wakifunga virago. Yaliyobaki ndiyo yaliyosaidia kusema kweli.

Tazama tofauti, msomaji. Kule, simulizi inaharibiwa kwa hiari ya aliyeteswa, ili kumlinda. Kwetu, karatasi zilichomwa kwa amri ya mtesaji, ili ajilinde. Moto ni mmoja, lakini tuulize kila mara: nani ameshika kiberiti? Anayesema "kumbukumbu zote zihifadhiwe" bila kuuliza swali hilo, na anayesema "yaliyopita si ndwele" bila kuuliza swali hilo, wote wawili wanamfanyia kazi mtesaji, wajue wasijue.

Wazee wengine zaidi ya 40,000 nao walifungua kesi yao London. Mwaka 2018 ikaanguka. Muda ulikuwa umepita mno, ilisemwa.

Miaka michache iliyopita aliingia dukani kwetu shosho mmoja, amebeba karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mara tatu. Karatasi ilikuwa na namba, na maelezo ya Kiingereza, na dole gumba chini.

"Shikamoo shosho. Unataka nakala ngapi?"

"Kwanza nisomee, kijana wangu. Tangu waiandike sijawahi kusomewa."

Nikamsomea, natafsiri polepole. Ilikuwa habari ya kijiji walichozungushiwa handaki na miba mwaka 1954, kuchapwa, kuchimba mtaro bila kula. Mwisho palikuwa na mstari mfupi kwamba mtoto mmoja alifariki. Akanizuia kwa mkono.

"Wameandika jina lake?"

"Hapana, shosho. Wameandika mtoto mmoja."

"Mimi niliwatajia jina."

Akalitaja. Akataka nilipige chapa kwenye karatasi nyingine, tuibane pamoja na ile. Nikafanya hivyo, nakala tatu, kila mtoto wake aliye hai apate yake. Nilimwuliza kuhusu ile kesi. Akasema alisikia ilikufa. "Pesa waweke," akasema. "Lakini sasa jina liko kwenye karatasi."

Jina hilo silitaji hapa. Sikumwomba ruhusa, na yeye hakunituma. Liko kwa wanawe, na huko ndiko aliko­taka liwe.

Basi fundi wangu wa simu, wewe uliyesema utanyamaza kwa milioni moja, mwangalie huyo shosho. Hakupata hata shilingi, na alichokuja kutafuta mjini hakikuwa shilingi. Kama angelipwa bilioni, unafikiri angeacha kuuliza jina limeandikwa wapi? Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Pesa haiugeuzi usemi huo. Inachofanya ni kumrahisishia mtenda kusahau, kwa sababu sasa ana risiti.

Nina jambo moja tena, na hili linatugusa sisi wa jarida hili zaidi. Mwaka 2023 mahakama ya Kanada iliidhinisha mapatano mengine, dola bilioni 2.8, safari hii si kwa mtu mmoja mmoja. Ni ya jumuiya 325 za wenyeji, na kazi yake ni kufufua lugha na utamaduni vilivyovunjwa na shule zile. Kwa mara nyingine nikapiga hesabu. Lugha iliyofukuzwa kinywani mwa mtoto kwa fimbo, leo inatafutwa kwa mabilioni, na walimu wa kuifundisha ni wazee wachache ambao wanaendelea kufa.

Katika shule yangu ya msingi kulikuwa na kibao cha mbao, tulikiita diski. Ukisikika unaongea Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, au lugha ya nyumbani siku yoyote, unavishwa shingoni, na atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Nimekivaa mara nyingi. Silinganishi maumivu yangu na ya wale watoto. Mimi jioni nilirudi kwa mama, na chakula kikawa mezani. Lakini fimbo ile ilitoka msitu mmoja. Na hakuna mahakama itakayonilipa mimi, wala siidai. Fidia yangu ni hii makala, nimeiandika kwa lugha niliyochapiwa.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaoandika, tuache kusubiri mabilioni ya mtu ndipo tukumbuke kwamba nyanya zetu wana habari. Kaa naye. Mwulize. Akisema "hili liandike", liandike, na uandike na majina jinsi alivyoyataja. Akisema "hili liache", funga daftari, hata kama ndilo lingekupa riwaya ya kushinda tuzo. Ukimaliza, mrudie umsomee. Usimwache kama karani yule, ambaye alichukua maneno akaenda nayo, asirudi.

Na serikali, za huko na za hapa, zilipe. Zilipe zote, zilipe mapema kabla wenye haki hawajaisha. Zikimaliza kulipa zikae chini zisikilize, maana watu watakuwa bado wanaongea.